Stadi za Maisha kwa Wanafunzi wa Sekondari Wenye Mahitaji Maalumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu wa Dar es Salaam

Maswali haya hurudi kila muhula: kwenye vikao vya wazazi, ofisini kwa walimu, getini wakati wa kuchukua watoto. Si lazima usome yote. Ruka hadi lile linalokuhusu; pale majibu yanapogusana tumekuelekeza swali la kwenda.

## Mambo ya msingi

1. Stadi za maisha ni nini hasa?

Ni uwezo wa kuendesha siku yako mwenyewe na kuishi na watu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha stadi kumi, zikiwemo kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua na kuhimili hisia. Orodha hiyo ni nzuri, lakini mama wa Mbagala hamuulizi mwalimu habari za "kujitambua". Anauliza kama binti yake ataweza kwenda dukani akarudi na chenji sahihi, na kama ataweza kusema "sitaki" mtu akimshika.

Kwa hiyo humu tunazungumzia mambo ya kutenda: kufua, kupika, pesa, usafiri, mwili, simu, kazi. Uamuzi na mawasiliano hujengwa humohumo. Kijana anayechagua anunue vitumbua au maandazi kwa shilingi 500 aliyonayo anajifunza kuamua.

2. Mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu ni yupi?

Ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, mtindio wa ubongo, ualbino, kifafa, usonji na ulemavu wa akili. Wapo pia wasioonekana kwa macho: anayeelewa kila kitu akisikiliza lakini herufi zinamkataa, na yule asiyeweza kutulia dakika tano, ambaye shuleni ameshapewa jina la mtukutu.

Hawahitaji kitu kimoja. Asiyeona anahitaji kuijua njia na fimbo nyeupe. Kiziwi anahitaji namna ya kuelewana na muuza duka asiyejua lugha ya alama. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji muda na marudio. Mpango wowote unaowawekea wote somo moja kwa saa moja haujaanza vizuri.

3. Kwa nini sekondari? Si yalifundishwa shule ya msingi?

Mara nyingine ndiyo. Dar es Salaam ina shule za msingi zenye uzoefu mrefu wa watoto hawa, kama Uhuru Mchanganyiko, Sinza Maalum na Buguruni Viziwi. Shida huanza mtoto akivuka. Sekondari kuna walimu wengi, kengele, vipindi vinavyobadilika na lugha mpya ya kufundishia, na macho ya kila mtu yako kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Yale aliyoanza kuyaweza yanaachwa, na hapohapo mwili unakua, wenzake wana simu na mitaa inaanza kumwona mtu mzima.

4. Je, hayatamla muda wa kujiandaa na mtihani?

Hapana, yakipangwa vizuri. Anayejua kupanga begi lake usiku na kusoma saa humpunguzia mwalimu kazi. Kwa upande wa mtihani, Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa hawa: karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa, na nyongeza ya muda ambayo kwa kawaida ni dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lazima shule iandike hitaji lake wakati wa usajili. Mzazi, usisubiri kuambiwa. Nenda ofisini ukaulize kama limeandikwa.

## Kuanza kufundisha

5. Nianze na stadi ipi?

Anza na ile ambayo mtoto anaihitaji kila siku, anafanyiwa na mtu mwingine, na mwenyewe anaitaka. Hilo la mwisho husahaulika. Muulize. Kijana anayetamani kwenda uwanjani na wenzake atajifunza nauli upesi kuliko atakavyojifunza kukunja shuka.

Chagua moja tu. Familia zinazoanza na saba kwa mpigo huchoka mwezi wa kwanza.

6. Nimeshamwambia mara mia na haelewi. Nimfundishe vipi?

Acha kumwambia. Mwoneshe, kisha umwachie sehemu ndogo aifanye.

Chukua kufua shati la shule. Kwa mtu mzima ni kazi moja, ila ndani yake mna nyingi: kuteka maji, kuloweka, kupaka sabuni, kusugua kola, kusugua kwapa, kusuuza, kukamua, kukung'uta, kuanika, kubana vibanio. Ziandike au zichore zote. Kisha anzia mwisho: wewe fua kila kitu, yeye aanike na kubana vibanio. Amemaliza kazi, shati liko kambani, anaona matunda yake. Akizoea, mrudishe hatua moja: asuuze, akamue, aanike. Endelea kurudi nyuma hadi siku atakapoanzia kwenye ndoo tupu. Ukimwanzishia mwanzoni, ataishia katikati akiwa amelowa na amekata tamaa, na wewe utamalizia kazi.

Jambo la pili ni kiasi cha msaada. Upo wa kumshika mkono, wa kumwonesha, wa kumkumbusha kwa maneno na wa kunyoosha kidole tu. Tumia mdogo kabisa unaotosha, na kila juma jaribu kuupunguza. Maneno ndiyo magumu zaidi kuyaondoa: mtoto aliyezoea "haya, sasa suuza" atasimama na shati mkononi akisubiri sauti yako. Kidole au picha ukutani ni bora.

La tatu ni kunyamaza. Ukishamwelekeza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia. Wengi wa watoto hawa wanahitaji muda huo ili neno lifike na mwili uitikie, nasi huwakatiza kila mara.

7. Picha zinasaidia, au zinamfanya aonekane mtoto?

Zinasaidia sana, hasa kwa wenye usonji na viziwi. Ili zisimdhalilishe tumia picha halisi za simu: ndoo yenu, jiko lenu, kituo chenu. Vikatuni vya chekechea viache. Asiyeona atumie rekodi ya sauti.

8. Shuleni anaweza, nyumbani hafanyi kabisa. Ni ukaidi?

Mara nyingi si ukaidi. Alichojifunza kwenye bomba la shule hajui kwamba ndicho hichohicho kwenye ndoo na kata ya nyumbani. Stadi haihami yenyewe; lazima ifundishwe tena mahali pa pili na pa tatu. Ndiyo maana tunasisitiza kufundishia pale itakapotumika: pesa dukani, nauli kituoni, upishi jikoni.

Sababu ya pili ni kwamba nyumbani kuna mtu anayemfanyia. Kama ni dada wa kazi, kaa naye umweleze kwa heshima. Amefundishwa kwamba kazi yake ni kumhudumia mtoto, na akimwacha afue anaogopa ataonekana mvivu. Mwambie waziwazi kwamba kumwacha afanye ni sehemu ya kazi yake.

## Pesa na simu

9. Hajui kuhesabu vizuri. Anaweza kutumia pesa?

Anaweza. Anza na kuzitambua noti kabla ya hesabu. Tuna bahati kwamba zetu zinatofautiana kwa rangi na picha: elfu moja ni ya buluu yenye Mwalimu Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano ina kifaru, elfu kumi ina tembo. Kijana asiyesoma tarakimu anaweza kujua kwamba soda hainunuliwi kwa tembo. Tumia pesa halisi. Za karatasi za kuchezea hazimfundishi kitu.

Kisha mfundishe kanuni ya "noti inayotosha". Bei ikiwa 1,300, hana haja ya kuhesabu mia tatu. Ajue tu kwamba imepita elfu moja, hivyo anatoa elfu mbili na kusubiri chenji. Kusubiri chenji kunafundishwa kama hatua yenyewe, maana wengi hutoa pesa, huchukua mkate na kuondoka. Mwenye duka la mtaani ni mshirika mkubwa. Mwambie: "Mangi, huyu anajifunza. Usimpe chenji mpaka asimame akuangalie."

Asiyeona azikunje noti kwa namna tofauti, kila thamani na mkunjo wake, na sarafu azitambue kwa kuzipapasa.

10. Nimpe simu yenye pesa?

Mpe, kwa mipaka. Anza na salio dogo ambalo likipotea hamtalala njaa. Kwa aliye chini ya miaka 18 laini inasajiliwa kupitia mzazi. Akifikisha 18 afuatilie kitambulisho cha NIDA asajili yake.

Mambo matatu ayajue kwa moyo. Namba ya siri haambiwi mtu, hata wakala, hata anayejiita mhudumu wa kampuni. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujibiwi. Unaoneshwa kwa mtu mmoja mliyekubaliana. Na akikosea, aseme mara moja, nawe usimgombeze. Akigombezwa siku ya kwanza, ya pili ataficha.

## Usafiri

11. Kweli anaweza kupanda daladala peke yake?

Wengi wanaweza, na hakuna stadi inayompa kijana wa Dar uhuru kama hii. Asiyeweza kusafiri hana chuo, hana kazi, hana rafiki nje ya mtaa wake. Inachukua miezi, tena haipaswi kuharakishwa.

Chagua safari moja, kwa mfano nyumbani hadi shule, na siku yenye nafasi. Jumamosi asubuhi ni bora. Saa kumi na mbili jioni pale Ubungo au Mwenge hata sisi wazima tunasukumwa. Mara za kwanza kaa pembeni yake na umfundishe alama. Mistari ya rangi ubavuni mwa gari humsaidia asiyesoma kutambua njia. Alama za njiani kama daraja, sheli au msikiti zimwambie kituo kinakaribia. Nauli iwe mkononi kabla ya kupanda, na nyingine ya akiba ifichwe mahali pengine.

Azoee sentensi moja fupi, kwa sauti ya kusikika: "Konda, nashuka Tazara." Asiyeongea awe na kadi yenye maneno hayohayo.

Kisha jitenge kidogo kidogo. Kaa siti ya nyuma yake. Baadaye panda kama humjui. Baadaye msindikize hadi kituoni, mtu mwingine ampokee anakoshukia. Mwisho apande, akupigie akifika.

Wenye mwendokasi karibu yao wana unafuu: vituo havihami na gari husimama vituoni tu. Anayeshtushwa na vurugu aanzie huko.

12. Akipotea, au konda akimkatalia?

Kupotea kufanyiwe mazoezi. Kanuni yetu ni fupi: shuka kituo kinachofuata, usiondoke kituoni, nenda kwa mtu mwenye biashara isiyohama kama wakala wa pesa au mama lishe, onesha kadi. Kadi iwe na jina lake la kwanza na namba mbili za simu. Anwani ya nyumbani usiiandike.

Makonda kukataa wanafunzi ni jambo linaloumiza na lipo. Mfundishe kurudi nyuma na kusubiri gari linalofuata. Asining'inie mlangoni wala asibishane. Zaidi ya hapo ni kazi ya wazazi na shule: pelekeni malalamiko LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na kwa viongozi wa kituo. Mzigo huo asibebeshwe mtoto.

## Mwili na usalama

13. Nimfundishe binti yangu hedhi vipi, na lini?

Kabla haijaja. Ikishakuja huku hajui, anafikiri ameumia. Afanye mazoezi ya kubandika pedi kwenye chupi akiwa mkavu, kuikunja ikitumika na kuitupa mahali pake. Aweke alama kwenye kalenda. Begi la shule liwe na mfuko mdogo wenye pedi na chupi ya akiba siku zote, naye ajue ni mwalimu yupi wa kumwendea. Kinachobaki kinafuata njia ya swali la 6.

14. Nikimfundisha mambo ya mwili na mapenzi si nitakuwa namfungua macho?

Mzazi, hili tunaliomba ulisikilize kwa makini. Wanaowadhuru watoto hawa huwachagua kwa sababu hawajafundishwa. Mtoto asiyejua majina ya viungo vyake hawezi kueleza alichofanyiwa. Mtoto aliyelelewa kutii kila mkubwa hawezi kumkatalia mkubwa.

Mfundishe majina halisi, sehemu za siri ni zipi, na nani anaweza kumsaidia kuoga na kwa nini. Mfundishe kusema hapana na iheshimiwe nyumbani kwanza: asipotaka kukumbatiwa na mjomba, asilazimishwe. Atamwamkia shikamoo, na heshima imetimia. Mweleze kwamba siri ya zawadi ni sawa, lakini siri ya kushikwa haiwekwi, hata aliyemshika akiwa ndugu, dereva au mwalimu.

Likitokea jambo, mwamini. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure. Kuyamaliza kifamilia ni kumrudisha kwa aliyemdhuru.

15. Mwanangu wa kiume anajishika mbele ya watu. Nifanye nini?

Usimpige wala usimwaibishe. Anachohitaji ni kujua mahali. Mwambie kwa utulivu, kwa maneno yaleyale kila mara: "Hilo ni la faraghani", kisha mpe kitu cha kufanya na mikono au mwelekeze chumbani kwake. Kwanza hakikisha nguo hazimbani na hana mwasho wala maumivu. Nyumba nyingi zetu hazina chumba cha peke yake. Kubalianeni mahali na muda ambapo hataingiliwa.

## Kwa walimu

16. Darasa langu limejaa. Nitapata wapi muda?

Usitafute kipindi kipya. Tumia vilivyopo: usafi wa asubuhi, zamu ya kubeba madaftari, bustani, mapumziko. Mpe jukumu la kweli, ambalo lisipofanyika litaonekana. Wenzake wamsaidie, lakini wafundishwe tofauti ya kumsaidia na kumfanyia. Watoto huelewa hilo haraka kuliko walimu wengi.

17. Shule yetu haina kitengo wala mwalimu wa elimu maalumu.

Andika kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yenu, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Walimu wenye taaluma hiyo wapo, wakiwemo waliosoma Chuo cha Ualimu Patandi, na wengine wamepangwa shule ambazo hawatumiki. Mtoto akionekana hasikii au haoni vizuri, mzazi aelekezwe hospitali kama Muhimbili au CCBRT kabla hamjasema ni mzito wa kuelewa.

## Baada ya shule

18. Akimaliza Kidato cha Nne ataenda wapi?

Zipo njia. VETA wana vituo jijini, kikiwemo Chang'ombe. Kipo pia Chuo cha Ufundi Stadi kwa Watu Wenye Ulemavu cha Yombo. Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, sekondari, hivyo uliza kama shule iliyo karibu nanyi inao.

Kwa ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa biashara, asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwanzia.

Tunachoona mara nyingi ni kwamba kijana hupoteza nafasi kwa kuchelewa, kutojua kuomba ruhusa, au kushindwa kufika. Ufundi anao. Rudi swali la 11, na mpe mazoezi ya kuamka kwa kengele ya simu mwaka mzima kabla hajamaliza.

## Hali ngumu zaidi

19. Ana kifafa. Aruhusiwe kupika na kuoga peke yake?

Ajifunze yote mawili kwa tahadhari. Apike mtu mzima akiwa karibu, sufuria ya maji ya moto isibebwe bali chakula kipakuliwe palepale, na jiko la mkaa lisiwekwe njiani. Aoge kwa maji ya ndoo yaliyo kidogo, mlango usifungwe kwa ndani. Kumeza dawa kila siku bila kukumbushwa ndiyo stadi ya kwanza kwake.

Wenzake darasani wajue: akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, usimtie kijiko mdomoni wala usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, hospitali.

20. Anapandwa na hasira sokoni, anapiga kelele na kujitupa chini. Tuache kumtoa?

Msiache, badilisheni namna. Angalia kinachotangulia: kelele, joto, njaa, kubadilishiwa mpango ghafla. Kariakoo siku ya Jumamosi inamshinda mtu mzima, kwa hiyo anzeni na genge la mtaani asubuhi. Mweleze mtakapokwenda, mtanunua nini na mtarudi lini. Mkubaliane ishara ya "nimechoka", na akiitoa ondokeni kweli, hata kama nyanya hamjanunua. Likishalipuka, punguza maneno, mlinde asiumie, wasogeze watazamaji. Mafundisho yasubiri nyumbani.

21. Ndugu wanasema namtesa mtoto mgonjwa kwa kumpa kazi.

Waalike wamwone akifanya. Bibi aliyepikiwa chai na mjukuu wake huwa na maneno machache zaidi. Wakiendelea, waulize swali ambalo familia nyingi hulikwepa: siku wewe mzazi ukiwa haupo, nani atamfulia, nani atampikia, kwa miaka mingapi? Waliokaa kimya hapo mara nyingi ndio wanaorudi kusaidia.

22. Ana miaka 20, yuko Kidato cha Pili, hajui hata kufunga kamba za viatu. Tumechelewa?

Hapana. Watu wazima hujifunza, tena wengine haraka kwa kuwa wanataka. Mfundishe kama mtu mzima: muulize anachotaka, usimsemee mbele ya wageni, usimsifie kama mtoto wa miaka minne. Kama kamba za viatu zimeshindikana baada ya juhudi za kweli, nunua viatu vya kubandika au vya kuchomeka mguu na mwendelee na nauli.

Kwa umri huo pia shughulikieni kitambulisho cha NIDA na akaunti au laini yenye jina lake, na aanze kwenda mwenyewe dirishani huku wewe ukisimama hatua mbili nyuma. Mhudumu akikuuliza wewe jina la mwanao, mwelekeze kwake.